Kuhamisha Mwaridi Mkubwa Bila Kuuua

Assalaam alaykum watazamaji wangu. Mwaridi huu umekaa hapa pembeni mwa nyumba miaka mingi, na sasa mafundi wanataka kumwaga zege papa hapa. Nimeshaambiwa sana, "Ukate tu, panda mwengine." Haukatwi! Waridi lenye harufu kama hili, la kutia kwenye vikuba na kumtandazia bibi harusi kitandani, siku hizi ni tabu kulipata. Tunauhamisha mzima.

Kwanza wakati. Ulaya mwaridi huhamishwa msimu wa baridi, umepukutika majani, umelala. Wetu haulali, mwaka mzima unakunywa maji. Kwa hiyo tunauvizia kipupwe, jua limepoa, na tunaanza baada ya alasiri. Kaskazi msithubutu. Na msidanganywe na masika kwa kuwa mvua ipo: shimo likituama maji, mizizi iliyokatwa inaoza.

Jana jioni nimeumwagilia mpaka udongo umelowa chini kabisa. Kichanga chetu kikiwa kikavu hakishikani.

Shimo jipya lile pale, liko tayari: upana mara mbili ya donge la mizizi, kina kilekile. Udongo nimeuchanganya na samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu. Mbichi inaunguza mizizi. Nyinyi wa kwenye maweni, Makunduchi na Paje huko Unguja, udongo wenu una chokaa nyingi. Majani ya mwaridi yatakuwa manjano, mishipa tu ndiyo ibaki kijani. Panueni shimo zaidi mlijaze udongo wa kuletwa, au pandeni kwenye pipa lililotobolewa chini.

Sasa mkasi. Matawi makavu, toa. Yanayosuguana, toa moja. Yaliyobaki punguza theluthi hadi nusu, ukikata mshazari juu kidogo ya jicho la kuchipulia linalotazama nje. Maua yote toa, najua inauma. Ukichimba, ile mizizi myembamba inayokunywa maji, mingi inabaki ardhini, na majani yakibaki yote yatadai maji ambayo hakuna wa kuyaleta.

Haya, chimba. Pima sentimita 30 mpaka 40 kutoka shinani, zungusha duara, chepe liingie wima. Usililaze, utakata donge kwa chini.

Ngoja, ngoja! Hapa pana jiwe. Mwanangu, shusha simu waone. Jiwe tunalichokonoa kwa mkono, hatulipigi. Na huu mzizi mnene unaoingia chini ya msingi wa nyumba, usiung'oe. Mkasi hauuwezi, lete msumeno. Mkato safi hupona, uliochanika huoza.

Sasa nisikilizeni hapa kuliko kwengine kote. Usishike shina ukavuta. Ukivuta, udongo unamwagika wote na mizizi inabaki mitupu. Inamisha donge upande mmoja, taratibu. Kunja gunia nusu, lisukume chini yake. Inamisha upande wa pili, livute gunia litokeze. Funga humo humo shimoni, kabla hujanyanyua.

Hapo! Mmeuona ufa? Acha kila kitu. Nyunyiza maji kidogo, kandamiza kwa viganja, zungusha kamba ya usumba, kaza. Vizuri. Sasa watu wawili, kila mmoja ashike ncha zake za gunia. Gunia, jamani, si shina. Bwana mdogo, mkono huo toa shinani!

Tumefika. Laza kijiti juu ya mdomo wa shimo: udongo wa donge uwe sawa nacho, kama ulivyokuwa kule. Kama mwaridi wako umeunganishwa juu ya shina la mwengine, lile fundo chini ya shina lisizikwe. Gunia hili la plastiki lazima litoke. La katani lilegeze tu, litaoza lenyewe. Jaza udongo nusu, mwaga maji, yasubiri yazame, jaza uliobaki. Usikanyage kwa miguu.

Maji yenyewe, yaonje kwanza. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na mwaridi hauipendi kabisa. Bora ya mvua au ya mfereji.

Mimi husimamisha makuti upande wa kusini, maana upepo wa kusi unakausha majani kuliko jua. Yakae kiasi cha wiki mbili. Makumbi ya nazi tandaza chini, yasiguse shina. Kila asubuhi tia kidole udongoni. Ukikuta pakavu, mwagilia.

Majani yatanyauka, baadhi yataanguka. Usikimbilie mbolea! Kwaruza gome kwa ukucha: ukiona kijani, mti uko hai, uache. Mbolea ni baada ya machipukizi kurefuka, na vitumba vya mwanzo vikonyoe, ili nguvu iende mizizini. Ukiwa na wako ambao umegoma kuchipua, nipigie picha ya shina na ya majani, uniandikie na udongo wa kwenu ukoje.