Bure na Huru: Kuchagua Zana za Kuandikia Programu

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, na wanafunzi wa sayansi ya kompyuta mliofika jioni hii, asanteni kwa kunialika.

Swali nililopewa ni kama mwandishi wa programu atumie mazingira ya kazi yanayotolewa bure au alipie, na kwa mazingira ninakusudia ile zana moja inayokusanya pamoja kihariri cha kuandikia maagizo ya programu, kompaila ya kuyatafsiri kwa lugha ya mashine, na kisaka hitilafu cha kutafutia makosa. Kabla ya kulijibu, naomba tutumie vizuri maneno mawili ambayo Kiswahili kimeyatenga tangu zamani, bure na huru, kwani Kiingereza hutumia neno moja, free, kwa maana zote mbili na mabishano yaliyotokana na hilo hayajaisha hadi leo. Cha bure ni kile usichokitolea fedha. Kilicho huru ni kile ambacho msimbo wake chanzo, yaani maagizo yake kama yalivyoandikwa na watunzi wake, uko wazi, na leseni yake inakuruhusu kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza.

Kitu chaweza kuwa bure bila kuwa huru. Visual Studio Community, mazingira ya kampuni ya Microsoft, haimtozi chochote mtu binafsi wala mwanafunzi, lakini kampuni yenye kompyuta zaidi ya 250, au mapato yanayozidi dola milioni moja kwa mwaka, hairuhusiwi kuitumia katika kazi zake za kawaida, na hata kampuni ndogo inaruhusiwa watumiaji watano tu. Visual Studio Code, kihariri cha kampuni hiyohiyo, inahitaji uangalifu zaidi: msimbo wake umetolewa kwa leseni ya MIT, ambayo ni huru, ilhali faili mnayoipakua kutoka Microsoft ina leseni nyingine ya kampuni yenyewe, na masharti ya duka lake la viendelezi, yaani vipande vya kuiongezea uwezo, yanaliweka duka hilo kwa ajili ya bidhaa za Microsoft. Ndiyo maana wapo waliounda VSCodium, toleo lenye leseni huru, kutokana na msimbo uleule.

Wengi huniuliza kampuni inapata nini kwa kugawa kitu kilichoigharimu. IBM ilipoutoa msimbo wa Eclipse, mazingira ya kuandikia programu kwa lugha ya Java, mwaka 2001, ilikuwa ikiuza programu kubwa za biashara zilizosimama juu ya Java, na kila aliyejifunza Java aliongeza uzito wa soko lake. Google nayo, ilipotangaza Android Studio, mazingira ya kuandikia programu za simu za Android, mwaka 2013 juu ya msingi wa toleo huru la IntelliJ IDEA ya kampuni ya JetBrains, ilihitaji programu nyingi za simu. Sioni ubaya wowote hapo, ila tukumbuke kwamba haja ya mtoaji ikiisha, utoaji nao waweza kukoma. Atom, kihariri kilichotolewa na GitHub mwaka 2014, kilifungwa tarehe 15 Desemba 2022. Kwa kuwa kilikuwa huru, watumiaji waliuchukua msimbo wake na kuuendeleza kwa jina la Pulsar. NetBeans, mazingira mengine ya Java, iliyoanzishwa na wanafunzi mjini Prague mwaka 1996, imepita mikononi mwa kampuni za Sun na Oracle hadi kufika kwa shirika la Apache, na ingali hai.

Kulipa hakuna aibu. Mwaka 1983 kampuni ya Borland iliuza Turbo Pascal, kompaila ya lugha ya Pascal pamoja na kihariri chake, kwa dola 49.95, wakati kompaila nyingine ziligharimu mamia ya dola, na wengi walilipa kwa furaha. Leo anayelipia zana za JetBrains ananunua muda: kubadilisha jina la kitu kilichotajwa katika mamia ya faili bila kuharibu chochote ni kazi ya sekunde chache. Someni pia kifungu cha leseni zao kinachosema kwamba aliyelipa miezi 12 mfululizo anabaki na haki ya kutumia toleo fulani daima, hata akiacha kulipa. Wanafunzi hupewa bure, lakini ruhusa hiyo inakwisha pamoja na masomo. Nakala zilizovunjwa leseni ziacheni kabisa, maana hamjui aliyezivunja ameweka nini ndani yake.

Mimi mwenyewe niliwahi kulipia zana ya kuchorea fomu za hifadhidata. Leseni ilipokwisha, mradi wa mteja haukufunguka tena, kwa sababu faili zake zilisomwa na zana ile peke yake, nasi tuliandika upya fomu zote kwa miezi miwili. Bei ya leseni ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na hasara ile, na tangu hapo bei ndiyo jambo la mwisho ninalolitazama.

La kwanza ni kama mradi unaweza kujengwa, yaani kugeuzwa kutoka msimbo kuwa programu inayofanya kazi, nje ya zana. Ukijengeka kwa Maven au Gradle, ambazo ni zana za kujengea miradi tu, kwa amri moja, kwenye kompyuta isiyo na Eclipse wala IntelliJ, basi kila mmoja katika timu na achague kadiri ya mfuko wake na ya kumbukumbu ya kompyuta yake, na aliyelipa na asiyelipa watafanya kazi kwenye mradi mmoja bila tatizo. Nimekuja na mradi mmoja wa Java na kompyuta mpakato iliyosakinishwa Java na Maven tu. Naomba mmoja wenu aje mbele tuujenge sasa.