Treni ya Amani: Raia Waliokata Tiketi Kuilinda Reli

Mabibi na mabwana, wazee wetu, vijana, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie harakati za amani zinazoendeshwa na raia wenyewe. Harakati hizo ni nyingi, na leo nitashika moja tu: ya reli iendayo kati ya Belfast na Dublin, kule Ayalandi. Nimeichagua kwa sababu waliyoyafanya wale watu yanatuhusu sana sisi tunaoishi Nairobi, na nitawaambia kwa nini.

Reli hiyo ina urefu wa kilomita kama 180. Ukitoka Belfast unapita Lisburn, Lurgan, Portadown na Newry, unavuka mpaka, kisha Dundalk, Drogheda, hadi Dublin. Daraja kubwa la mto Boyne pale Drogheda lilimalizika mwaka 1855, na wakati huo mpaka haukuwepo. Kisiwa kizima kilitawaliwa na Uingereza. Mpaka ulikuja mwaka 1921, majimbo sita ya kaskazini yalipobaki chini ya Uingereza na mengine yakashika njia ya kujitawala. Treni ziliendelea kupita. Mwaka 1947 ikaanzishwa treni ya haraka, Enterprise, ambayo hadi leo ndiyo inayobeba abiria kati ya miji hiyo miwili.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 vita vilizuka Ayalandi ya Kaskazini. Watu wapatao 3,500 waliuawa kabla ya mkataba wa amani wa Aprili 1998. IRA, kikundi cha wapiganaji ambao wengi wao walikuwa Wakatoliki, walipigana wakitaka Waingereza waondoke na kisiwa kiwe nchi moja. Nchi moja: naomba mlishike neno hilo, nitalirudia.

Sasa, mtu anaishambuliaje reli? Tukisikia bomu tunafikiria mlipuko, lakini mara nyingi kazi ilifanywa na simu. Mtu anapiga, anasema kuna bomu njiani, karibu na daraja fulani huko kusini mwa Armagh, karibu na mpaka. Treni zinasimamishwa. Wanajeshi hawawezi kukimbilia pale, maana pengine bomu limetegwa kwa ajili yao wao: wakikaribia, jingine linalipuka pembeni. Kwa hiyo wanakwenda polepole, wanakagua ua kwa ua, mtaro kwa mtaro, na inaweza kuchukua siku kadhaa. Huku nyuma abiria wanateremshwa na mizigo yao wanapandishwa mabasi, wanazungushwa, wanapanda treni nyingine upande wa pili. Na baada ya siku zote hizo, pengine kilichokutwa relini ni kopo tupu. Kopo hilo limefunga njia sawasawa na baruti. Na mara nyingine ilikuwa baruti kweli: daraja la Kilnasaggart, hatua chache kutoka mpakani, lilishambuliwa mara kwa mara, na mafundi wa reli wakarudi kila mara kupanga upya mataruma na kunyoosha vyuma.

Msidhani kwamba ilikuwa hasara ya ratiba tu. Tarehe 17 Januari 1980, bomu lililokuwa likisafirishwa na IRA lililipuka kabla ya wakati ndani ya treni ya abiria pale Dunmurry, nje kidogo ya Belfast. Watu watatu waliungua hadi kufa. Mmoja alikuwa mwanachama wa IRA mwenyewe, mmoja kijana wa miaka 17, na mmoja mhasibu, Mwafrika kutoka Nigeria, aliyekuwa akisafiri kama abiria mwingine yeyote. Hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa kwenye behewa.

Kufikia mwaka 1989 mashambulizi dhidi ya njia ya Dublin yalikuwa yamezidi, na hapo ndipo raia walipokusanyika. Walijiita Treni ya Amani. Mwanzilishi wao alikuwa Chris Hudson, mtu wa Dublin aliyefanya kazi katika chama cha wafanyakazi. Mwenyekiti alikuwa Sam McAughtry, mwandishi na mtangazaji wa Belfast, aliyezaliwa mwaka 1921 mtaa wa Tiger's Bay, mtaa wa Waprotestanti wanaoipenda Uingereza, na aliyetumikia jeshi la anga la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili. Mmoja wa kusini, mmoja wa kaskazini. Tarehe 28 Oktoba 1989 walijaza mabehewa kwa watu wa pande zote mbili, wakasafiri kati ya Belfast na Dublin.

Nawaomba mlitazame tendo hilo kwa utulivu. Hawakwenda kusimama nje ya ofisi ya serikali. Walikata tiketi ya reli iliyokuwa ikitegewa mabomu, wakakaa kwenye viti, wakapita palepale Armagh kusini. Anayetega bomu anataka watu waikimbie njia, na wao waliijaza. Mimi sijui maandamano mengine ambayo waandamanaji walihitaji tu kufanya jambo la kawaida la kila siku, wakalifanya kwa makusudi, wakiwa wengi.

Na ombi lao lilikuwa dogo sana: iacheni reli. Hawakumtaka mtu wa Belfast akubali kisiwa kimoja, wala hawakumtaka mtu wa Dublin aipende bendera ya Uingereza. Aliyetaka nchi moja na aliyeichukia fikra hiyo waliweza kukaa behewa moja kwa sababu hakuna aliyetakiwa kuacha imani yake stesheni. Ombi kubwa lingewagawanya kabla ya kufika Lisburn.

Lakini udogo wa ombi ulibeba swali zito kwa IRA. Ninyi mnaua watu mkisema mnataka kisiwa kiwe kimoja. Basi mbona mnakata chuma kinachokiunganisha? Hata nyaya kubwa za umeme kati ya kaskazini na kusini ziliharibiwa mwaka 1975, na umeme haukupita tena hadi 1995, miaka 20. Anayetaka umoja anayefanya hivyo anautafuta umoja wa namna gani? Swali hilo, likiulizwa na jenerali wa Kiingereza, lisingekuwa na uzito wowote. Likiulizwa na mfanyakazi wa Dublin aliyekaa dirishani, ni vigumu kulikwepa.

Walikuwepo waliowalaumu. Walisema: mbona mnapaza sauti juu ya IRA, na hamsemi kitu juu ya wanajeshi wa Uingereza waliowapiga risasi raia waliokuwa wakiandamana Derry, mji wa Ayalandi ya Kaskazini, tarehe 30 Januari 1972, wakawaua 13 siku hiyohiyo? Lawama hiyo si ya kupuuzwa, na aliyefiwa ana haki ya kuitoa. Hata hivyo, nasimama na watu wa treni. Ubaya wa askari wa Derry haumpi mtu ruhusa ya kumhatarisha abiria wa Newry.

Nikasema inatuhusu. Wengi humu mnakumbuka mwanzoni mwa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipokuwa zimepamba moto, reli ilipong'olewa pale Kibera. Ni njia hiyohiyo iendayo Uganda. Barabara nazo zilikuwa zimefungwa, na Kampala mafuta yakaadimika kwa watu ambao hata kura hawakupiga kwetu. Hasira ya vijana wa Kibera ilikuwa na sababu zake, nami nazijua. Lakini nimejiuliza miaka yote hii: walikuwa wapi raia wa Nairobi, wa Nakuru, wa Eldoret, wa kukata tiketi pamoja, wa kabila hili na lile, waseme reli hii iachwe? Viongozi wa vyama vya wafanyakazi mliopo hapa, swali hili nawauliza ninyi kwanza, kwa heshima.

Nimalizie na Hudson, kwa sababu watu huniuliza kama mambo haya huenda mbali. Alikuwa na rafiki, Fran O'Toole, mwimbaji wa bendi ya Miami Showband, bendi ya Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Usiku wa tarehe 31 Julai 1975 bendi ikirudi Dublin kutoka Banbridge ilisimamishwa kwenye kizuizi cha uongo karibu na Newry. Waliokisimamia walikuwa wa UVF, kikundi cha wapiganaji wa Kiprotestanti. O'Toole na wanamuziki wenzake wawili wakauawa. Katika miaka ya 1990 serikali ya Dublin ilihitaji mtu wa kupeleka ujumbe kwa UVF na kuleta majibu. Aliyekubali kazi hiyo ni Hudson. Alikaa na watu wa kikundi kilichomuua rafiki yake, akasikiliza wanataka nini, akarudi Dublin kueleza. Baadaye akawa mchungaji, na kanisa alilolihudumia liko Belfast.

Muda wangu umekwisha. Yule ndugu wa nyuma alinyoosha mkono tangu nilipotaja Kibera. Tuanze na swali lake.