Arabuni, Mbegu na Ushuhuda: Lugha ya Imani Inapoingia Sokoni

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Ndugu zangu, Kiswahili kina kitenzi kimoja, kutangaza, kinachomtosha mhubiri na kumtosha muuza sabuni. Sidhani kwamba hatari imo katika kitenzi hicho, kwa maana Biblia yenyewe haikuogopa maneno ya biashara: katika Sala ya Bwana twaomba tusamehewe "deni zetu", na kukomboa ni kulipa ili kitu kilichowekwa rehani kirudi kwa mwenyewe. Ninalotaka tulichunguze jioni hii ni upande ambao malipo yanaelekea, yaani nani anatoa na nani anapokea, kwa sababu neno laweza kubaki lile lile katika vinywa vyetu huku upande huo umekwisha kugeuzwa.

Tuanze na arabuni, yaani malipo ya kutanguliza. Watafsiri wa Union Version, Biblia iliyotoka mwaka 1952, walipofika 2 Wakorintho 1:22 waliandika kwamba Mungu "akatupa arabuni ya Roho mioyoni mwetu". Paulo aliandika kwa Kiyunani arrabon, neno ambalo Wayunani walilipata kutoka lugha za Kisemiti, na neno la Kiarabu lililo ndugu ya hilo ndilo lililotufikia sisi huku pwani. Kwa hiyo neno moja limesafiri kwa njia mbili, likakutana ndani ya Biblia yetu. Nakiri kwamba jambo hili hunifurahisha kila ninapolifundisha. Yeyote aliyewahi kuagiza kitanda kwa seremala anajua kuwa arabuni hutangulizwa na mnunuzi, kuonyesha kwamba hatamkimbia fundi. Paulo anasema kwamba mnunuzi huyo ni Mungu, na sisi ndio tuliopewa. Leo, katika vipindi vingi vya dini, namba ya kutumia pesa hupita chini ya kioo cha televisheni, na muumini huambiwa atangulize yeye, ili Mungu naye aone sababu ya kumalizia.

Neno mbegu limepata jambo hilo hilo. Fundisho la "mbegu ya imani", kwamba sadaka unayotoa ni mbegu itakayokurudia kwa wingi, lilienezwa sana na mhubiri wa Marekani, Oral Roberts wa Tulsa, Oklahoma, na sasa twalisikia Dar es Salaam na Nairobi kana kwamba lilizaliwa hapa. Aya inayotumika zaidi ni 2 Wakorintho 9:6, kwamba apandaye haba atavuna haba. Lakini sura hiyo yahusu changizo la watakatifu waliokuwa na shida huko Yerusalemu, na aya tatu baadaye Paulo ananukuu Zaburi: "Ametapanya, amewapa maskini." Shamba lile lilikuwa ni hao maskini. Tena mkulima katika Marko 4 hulala na kuamka, na mbegu humea "asivyojua yeye", jambo ambalo kila mkulima wa mahindi anayengoja mvua analielewa bila kufafanuliwa, ilhali tangazo la biashara halina nafasi ya kutojua, kwa kuwa ni lazima liahidi kiasi na siku.

Mtu asidhani kwamba nachukia kila biashara kanisani. Nililelewa katika usharika ambao sadaka za mazao zilipigwa mnada nje baada ya ibada, na nimeona jogoo mmoja akinunuliwa kwa bei ambayo hakuna jogoo angeifikia sokoni, kisha mnunuzi akampa mjane aliyesimama karibu. Hapo soko lilikuwa limeitumikia imani.

Neno linaloniuma zaidi ni ushuhuda. Kwa Kiswahili shahidi ni aliyeona, naye pia ni aliyeuawa kwa ajili ya imani yake. Ndiyo maana wale waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki pamoja na Waanglikana, twawaita Mashahidi wa Uganda. Ushuhuda wao ulikuwa kupoteza. Matangazo yametuzoesha mteja mwenye furaha anayesimulia jinsi dawa ilivyomfaa, na polepole tumemkabidhi huyo kipaza sauti cha kanisa: nyumba, gari, viza, mchumba.

Niliwahi kuhudhuria ibada ambayo mama mmoja alisimama wakati wa shuhuda akaeleza kwamba mwanawe, aliyeombewa miezi mingi, alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia, na kwamba bado alikuwa akimshukuru Mungu kwa kumshika mkono. Kiongozi wa ibada alimwomba akae, ili walio na shuhuda wapate nafasi. Nilikuwa safu moja naye, nikanyamaza. Wachungaji mlio hapa, Jumapili ijayo mtakapowaita watu mbele, nawaomba mwaite pia walioomba na hawakupata, na mtumie neno hilo hilo, ushuhuda, mnapowaita.