Uwazi wa Picha kwenye Fumbo la Vipande

Ndugu zangu, karibuni. Leo naomba tuukazie macho ukingo wa kipande kimoja tu, maana hapo ndipo fumbo la kuunganisha vipande vya picha kwenye kompyuta linapoharibikia.

Kwa kompyuta, kila picha ni mstatili. Kipande chenye ulimi na tundu haikijui. Umbo tunalipata kwa uwazi: kila pikseli, yaani kila nukta ndogo ya picha, mbali na nyekundu, kijani na bluu, hubeba namba ya nne, alfa, kuanzia 0 hadi 255. Sifuri haionekani kabisa, 255 imeziba. Vipande vihifadhiwe kwa aina ya faili iitwayo PNG. Ile ya JPEG haina alfa.

Wengi huishia hapo. Sasa tazameni ukingo wenyewe. Mkunjo wa ulimi ukikata pikseli katikati, pikseli hiyo hupewa alfa ya nusu ili ukingo usiwe na meno ya msumeno. Vizuri. Kipande jirani nacho kina nusu yake pale pale. Mchezaji akiviunganisha, tunatarajia nusu na nusu ziwe nzima. Haziwi! Kwa kanuni ya kupachika picha juu ya picha, waliyoieleza wataalamu wa picha za kompyuta Thomas Porter na Tom Duff mwaka 1984, kipande cha kwanza kinaziba nusu ya meza, yaani eneo lililo nyuma ya vipande, na cha pili kinaziba nusu ya ile nusu iliyobaki. Jumla asilimia 75. Robo ya rangi ya meza inapenya, na picha inajaa mistari myembamba. Mtu amehangaika mpaka kamaliza fumbo, halafu analiona bado limekatikakatika. Kwangu mimi huko ni kumdhulumu.

Dawa ipo. Porter na Duff walitupa pia kanuni ya kujumlisha, ambayo kwenye kanvasi ya kivinjari, yaani eneo la kuchorea ndani ya ukurasa wa wavuti, huitwa `lighter`. Vipande vilivyoungana vichoreni kwanza kwa kujumlisha kwenye kanvasi tupu ya pembeni, ndipo mvihamishie mezani vyote pamoja. Sharti ni kwamba pande zote mbili zitumie mkunjo ule ule. Mkikadiria upya upande wa pili, nusu hazitakutana.

Tena kuna kugusa. Mistatili hupandana, na mchezaji akigusa kona tupu ya kipande cha juu, anakitaka kile anachokiona chini yake. Someni alfa ya pikseli iliyoguswa, kuanzia kipande cha juu kushuka; ikiwa chini ya 128, endeleeni na kinachofuata. Kwenye simu kidole ni kinene, kwa hiyo jaribuni na pikseli za jirani kabla ya kuamua kwamba kagusa meza.