Ubatizo Haurudiwi

Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo! Natoa salamu zote mbili kwa kuwa humu ukumbini mmo Wakatoliki, waumini wa AIC (Africa Inland Church), Wasabato, Waanglikana na Wapentekoste, kama ilivyo katika familia nyingi za Mwanza.

Ubatizo wa ziwani mmeuona. Mchungaji anaingia hadi maji yamfike kiunoni, anamshika muumini mgongoni, anamlaza chali mpaka azame mwili mzima, kisha anamwinua huku kwaya ikiimba ufukweni. Ndiyo Warumi 6 hiyo: kuzikwa na Kristo, kufufuka naye. Padri anayemimina maji mara tatu kichwani pa kitoto anafundisha Warumi 6 hiyo hiyo. Na kumimina si jambo la juzi. Didake, maandishi ya Wakristo wa mwanzo kabisa, yanataka maji yatiririkayo, ila maji ya kutosha yakikosekana yanaruhusu kumimina kichwani mara tatu.

Kwa hiyo tusigombanie wingi wa maji. Swali zito ni hili: katika ubatizo, anayetenda hasa ni nani? Wanaobatiza watoto husema Mungu ndiye hutangulia, nasi twaitika baadaye. Hutukumbusha mlinzi wa gereza la Filipi, aliyebatizwa na watu wake wote. Wanaosubiri mtu akue husema hakuna wa kukuaminia kwa niaba yako. Hoja hiyo watu wameifia. Januari 1527, Felix Manz alizamishwa katika mto Limmat, Zurich, Uswisi, kwa kosa la kubatiza upya, na waliomhukumu walikuwa Wakristo wenzake!

Linaloniuma ni kurudia. Binti anaolewa kanisa jingine, anaambiwa ubatizo wake wa utotoni ulikuwa bure, na mama aliyempeleka kanisani siku ile anayasikia hayo. Sipriano, askofu wa Karthago huko Afrika Kaskazini, na Papa Stefano wa Roma waligombana juu ya jambo hili miaka ya 250 baada ya Kristo. Stefano alikataa kuwabatiza tena waliobatizwa na wazushi, yaani wenye mafundisho yaliyopotoka, nami nasimama naye. Aliyebatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, amebatizwa. Mpokeeni, aikiri imani yake mbele ya wote, muombeeni.

Ila sisi tunaobatiza watoto tuna deni. Tunaahidi mbele ya altare kumlea mtoto katika imani, halafu hatuonani naye tena mpaka kipaimara. Msimamizi asiyejua hata mtoto wake wa ubatizo anasali wapi, atamjibu nini Mpentekoste anayesema ubatizo wa utotoni ni bure?