Mgeni wa Daka na Poti Iliyozimwa

KHADIJA: Kaka Shee, wasikilizaji wetu wanajua kwamba ukichelewa kurekodi, pana swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao, iliyokulaza macho mahali. Jumanne ulikuwa wapi?

SHEE: Nilikuwa katika ofisi moja inayotazama bahari, hapa Amu, yaani Lamu mjini, nikiwa nimeitwa kutoka kijijini Shela kwa kuambiwa kwamba printa imegoma. Dada, printa ilikuwa nzima. Mkaguzi wa hesabu aliyekuja kwa siku moja aliuchomoa waya wake akauchomeka kwenye kipakatalishi chake, nami poti ile, yaani tundu la swichi waya huo unakofika, nilikuwa nimeiruhusu anwani moja tu ya MAC, namba ya kukitambulisha kifaa, nayo ni ya printa, ambayo swichi ilijifunza yenyewe na kuihifadhi. Ilipoona anwani ngeni, ikaizima poti. Bwana akaurudisha waya, akanyamaza, na watu wakakaa foleni hadi alasiri wakingoja karatasi zao.

KHADIJA: Swichi ilifanya kazi yake. Kwenye swichi za kampuni ya Cisco, ukiwasha ulinzi huo bila kuchagua adhabu, adhabu ni kuzimwa, na idadi ya anwani inayoruhusiwa ni 1.

SHEE: Ipo adhabu nyingine, ambayo fremu za mgeni, yaani vifurushi vyake vya data, hutupwa, tukio huandikwa kwenye kumbukumbu, na mwenye poti akirudi hupita bila taabu. Huyo ni mgeni aliyeachwa dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni. Yako ni kufunga mlango hadi mwenye nyumba akalala nje.

KHADIJA: Unalitaja daka kana kwamba ni la njia. Kwetu mtaa wa Mkomani, mtu aliyeketi dakani amekwisha kuingia nyumbani.

SHEE: Daka ni la njia! Mvua ikinyesha, hata punda aliyebeba mawe husukumwa humo, wala hapigi hodi.

KHADIJA: Alisukumwa kwetu mmoja, akatafuna mkeka wa bibi. Basi huyo ndiye mgeni wako: umemwacha dakani, umesema hana madhara. Poti iliyo hai, hata kama inatupa fremu zake, bado humpelekea matangazo yote ya mtandao, zile fremu zinazotumwa kwa kila kifaa. Aliye dakani husikia mazungumzo ya ndani.

SHEE: Ndiyo maana mafundi wa zamani waliipinda tekani, ule ukumbi wa kuingilia, mtu wa dakani asione kiwanda, yaani ua wa ndani. Nawe printa uipe mtandao pepe wake (VLAN), sehemu iliyotengwa ndani ya swichi ileile, matangazo ya wahasibu yasifike pale. Hutabomoa daka kwa ajili ya mgeni mmoja.

KHADIJA: Nani ametaja kubomoa? Ungewasha kujirudisha kwa poti, ambako muda wake wa kawaida ni sekunde 300, printa ingeamka yenyewe wala usingepanda boti.

SHEE: Na mkaguzi angezima poti nyingine kila aendapo. Kisha niambie: mwizi akinakili anwani iliyobandikwa mgongoni mwa printa, poti yako itazimika?

KHADIJA: Haitazimika.

SHEE: Amepiga hodi kwa sauti ya ami yako, nawe umemfungulia. Adhabu yako kali inamwangukia asiyejua, na mjuzi anapita.

KHADIJA: Yako pia inampitisha, kwa hiyo hapo hatupishani. Tunapishana kwa asiyejua, nami nataka azimwe, kwa sababu poti iliyozimwa humfanya mtu apige simu, ilhali kumbukumbu haisomwi na mtu. Wewe mwenyewe uliisoma lini mara ya mwisho?

SHEE: Naisoma.

KHADIJA: Lini?

SHEE: Daka ni la njia, dada Khadija.

KHADIJA: Ni la nyumba, na mkeka ulikuwa wa bibi. Haya, tuliahidi mambo matatu leo: simu ya mezani yenye kompyuta nyuma yake, ambayo huhitaji zaidi ya anwani moja, shambulio la kujaza jedwali la anwani hadi swichi ianze kusambaza fremu kila poti, na 802.1X, ambayo humtaka mtu ajitambulishe kabla ya kupita.

SHEE: Iliyotoka 2001, mwaka uleule mji wetu ulipoingia katika Urithi wa Dunia, pamoja na madaka yake ya njiani.

KHADIJA: Ya nyumbani. Tumebakiwa na dakika moja.

SHEE: Nami boti ya Shela inajaza.