Nguo za Kashani Zisinuke Koga: Kuanika, Kukunja na Kufukiza

Asalaam aleikum, wapenzi watazamaji. Karibuni nyumbani kwetu Lamu. Najua wengi mmefungua video hii mkitaka kuona udi. Udi upo, na chetezo hicho hapo, lakini mtausubiri. Kwanza naanza na aibu yangu.

Hii kanzu ni ya kaka yangu. Nyeupe, ya pamba, ya kuvaa siku kubwa. Niliikunja mwenyewe baada ya Maulidi, nikaifukiza udi kwa madaha, nikaitia kashani. Masika yakapita. Nilipoitoa wiki iliyopita, hebu nisogeze kamera hapa shingoni, chini ya darizi. Umeona? Vidoto vyeusi, vidogo kama ufuta mweusi. Hiyo ni koga. Ukiinusa unapata udi na uvundo kwa pamoja, na kaka yangu aliipa harufu hiyo jina ambalo hapa silitaji.

Basi udi haukai juu ya unyevu. Nguo ikiwa mbichi hata kidogo, moshi wote wa dunia hautaisaidia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya video hii ni kukausha, na kufukiza kunakuja mwisho.

Haya, tuanze kwenye maji ya kusuuzia, kwa sababu hapa ndipo watu wa visiwani tunapojiponza. Maji ya visima vingi hapa mjini yana chumvi. Sabuni haitoi povu vizuri, hilo unalijua, lakini kuna jambo jingine: chumvi inayobaki kwenye uzi huvuta unyevu kutoka hewani. Si umeona kikopo cha chumvi jikoni kinavyolowa wakati wa kusi bila mtu kukimwagia maji? Na kanzu yako ni vivyo hivyo. Unaianika, inakauka, unaitia kabatini, inalowa yenyewe. Fua kwa maji ya kisima ukitaka, lakini suuza ya mwisho iwe ya maji matamu. Mimi hukinga ya mvua na kuyaweka kando kwa kazi hii tu. Ndoo moja ya lita 20 inatosha kanzu tatu au nne na leso zake.

Nguo ambayo tayari imeanza kunuka, tia siki nyeupe nusu kikombe kwenye ndoo hiyo, iloweke nusu saa, kisha isuuze. Harufu ya siki inaondoka ikikauka. Ila sikiliza vizuri: siki usiichanganye kamwe na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini. Zikikutana zinatoa hewa ya sumu, na bafu zetu hizi dirisha lake ni tundu la kupitisha mkono. Chagua moja. Na yale madoa meusi ya koga yakishazama ndani ya pamba, mara nyingi hayatoki. Hii kanzu ya kaka sasa ni ya kulalia.

Kitu kingine, wanga. Kanzu ya kuvaliwa kesho, tia wanga isimame. Kanzu ya kuhifadhiwa, usitie. Wanga ni chakula: koga inaupenda, na wale wadudu wa rangi ya fedha wasio na mabawa, wanaokimbia ukifungua kitabu cha zamani, nao wanaupenda. Ihifadhi laini, siku ya kuivaa ndipo uipige wanga na pasi.

Tunapanda kwenye dari sasa, juu ya nyumba. Samahani kwa upepo, unaingia kwenye maikrofoni.

Naanika asubuhi jua likishapanda, kama saa tatu, na kufikia alasiri nguo zote zimeshuka. Usiziache hadi magharibi, maana jua likitua hewa ya baharini inarudisha unyevu wote uliouondoa. Nguo nyeupe, juani kabisa. Buibui, leso za rangi na kitu chochote cha hariri, kivulini penye upepo, na uzigeuze ndani nje, la sivyo zitapauka. Kama huna dari, kiwanda cha ndani ya nyumba, yaani ua, kinafaa pia mradi upepo unapita. Kwenye kichochoro sishauri. Niliwahi kutundika shuka la harusi kule mtaa wa Langoni, akapita punda na mzigo wa mchanga, na hadithi ikaishia hapo.

Sasa njoo nikuonyeshe kitu alichonifundisha bibi, na ukisahau mengine yote hiki ukishike. Nguo ikitoka juani ni ya moto, na umoto unaudanganya mkono. Unashika, unasema imekauka, unakunja. Subiri. Itundike ndani kwenye kivuli, kama dakika kumi, ipoe kabisa. Halafu usiishike kwa vidole. Chukua mahali penye nguo nyingi: mshono wa kwapa, upindo wa chini, shingo yenye darizi. Bandika kwenye mdomo wa juu, hapa, chini ya pua. Hivi. Ukihisi kibaridi, hata kidogo kama cha glasi, bado mbichi. Irudishe. Kitambaa cha katikati huwa kimekauka zamani, mshono ndio unaochelewa, na koga ya kanzu ya kaka ilianzia hasa pale, kwenye darizi, ambako mimi nilishika mkono tu nikaridhika.

Nguo iko tayari, lakini kabati je? Nyumba zetu hizi za mawe ya matumbawe na chokaa zina baridi nzuri, lakini kuta zake zinanywa maji. Kabati lililogandishwa ukutani mgongo wake haupumui. Livute mbele, shubiri moja inatosha. Nalivuta sasa. Tazama ukuta ulivyo nyuma yake, ile alama nyeusi umbo la kabati. Toa kila kitu, pangusa mbao kwa kitambaa chenye siki kidogo, acha milango wazi siku nzima. Kasha vilevile: pangusa, liweke wazi mahali penye upepo, usilifunge likiwa na ubichi.

Kisha tandika shuka kuukuu la pamba, lililofuliwa, chini na pembeni. Mbao tupu ikigusana na kitambaa cheupe kwa muda mrefu huacha alama ya manjano. Bibi yangu hakuwahi kunieleza sababu, alikuwa akisema tu “mbao ina jasho.” Ni kweli mbao hutoa asidi kidogo kidogo, na hiyo ndiyo inayounguza kitambaa.

Mifuko ya nailoni ile ya kuzibwa, sitaki kuiona. Ukifungia nguo yenye unyevu kidogo tu humo ndani, umeipikia koga chakula na ukaifungia mlango. Mto wa zamani ukiutoa pamba, foronya yake ni mfuko bora kuliko hiyo ya dukani.

Haya, tumefika kwenye harufu, na kwanza nataka kukutahadharisha na kitu kimoja: vile vidonge vyeupe vya kabati, naftalini. Wengi wanavitumia, vinafukuza nondo kweli. Mimi sivitii nyumbani. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, na hali hiyo ni ya kawaida zaidi kwenye sehemu za malaria, pwani yetu ikiwemo. Mtoto kama huyo akivikwa nguo iliyokaa na naftalini, chembe nyekundu za damu yake zinaweza kuvunjika, akapata manjano na kupungukiwa na damu. Mama mwenyewe hajui mtoto wake yuko hivyo mpaka jambo litokee. Na watoto wakubwa huvidhania peremende. Nguo za mtoto mchanga, jua na maji matamu vinatosha.

Halafu, nondo wenyewe wanafuata nini? Funza wao hula sufu na hariri, na huanzia penye jasho au mafuta. Pamba safi haiwavutii. Ukiifua nguo vizuri kabla ya kuihifadhi, nusu ya vita umeshashinda.

Mimi natumia karafuu. Chukua kiganja kimoja cha karafuu kavu, nzima, zisiwe za unga. Kata kipande cha leso kuukuu, funga kijifuko. Tundika kwenye pembe ya kabati, au weka kwenye kona ya kasha juu ya lile shuka. Usizitupe ovyo katikati ya nguo, mafuta yake yanaacha madoa ya kahawia. Zikififia, zibonyeze kidogo ndani ya kijifuko, harufu inarudi. Baada ya miezi sita badilisha.

Asmini? Najua, najua. Kila nikisema hivi kina mama wananijia juu. Asmini mbichi ni maji, ukiitia katikati ya nguo ukaifunga, inaoza na kuacha doa. Kikuba, kile kishada cha asmini, ni cha kifuani na mto wa kulalia, usiku ule ule. Ukitaka ua la kuweka kashani, tafuta ua la mkadi, ulikaushe kabisa kivulini kwanza.

Sasa udi. Washa kitofali kimoja cha makaa hapo nje, si ndani. Ngoja. Watu hawangoji hapa. Kaa likiwa bado jeusi lina moshi wake mwenyewe, na moshi huo ndio utakaoingia kwenye nguo. Tazama hili: pembezoni limeanza majivu, katikati bado. Bado. Sasa, limevaa majivu meupe lote. Nalishika kwa koleo, naliweka kwenye chetezo juu ya majivu ya jana. Majivu ya chini yanazuia chetezo kupasuka kwa moto.

Udi, kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Mti wenyewe unatoka Asia, India mpaka Indonesia, na si mbao yote inayonukia, ni ile tu iliyojeruhiwa ikajaa utomvu wake mweusi. Ndiyo maana bei yake inaliza. Udi wa kupika, wa sukari na sandali tunaoutengeneza nyumbani, nao unafaa, ila moshi wake ni mzito na unaruka cheche. Nguo iwe juu zaidi.

Fungua dirisha. Makaa ndani ya chumba kilichofungwa yanaua, na hewa yake haina harufu ya kukuonya.

Naweka tenga la kufukizia juu ya chetezo, natandaza kanzu ndani nje. Kwa ndani, kwa sababu joto la mwili wako ndilo litakalotoa harufu ukiivaa. Dakika tano upande huu, geuza, tano upande wa pili. Usiondoke. Usiende kupokea simu. Pamba inavumilia, lakini mabuibui ya siku hizi mengi ni poliesta, yakikaribia moto yanajikunja na kuyeyuka kabla hujanusa kitu. Hayo nayashika kwa mikono, juu, napitisha moshi tu. Na nguo yenye zari, usiinyunyizie marashi wala manukato ya mafuta, zari inasinyaa rangi. Moshi mwepesi utaitosha.

Ukitoa, usikunje papo hapo. Itundike nusu saa, ule moshi mkali uondoke ubaki ule wa chini, mtamu. Kwa nguo ya kuhifadhi mimi nafukiza kidogo tu, mfukizo mkubwa nauacha kwa asubuhi ya kuivaa.

Kunja kwa ulegevu, usibane. Nzito chini, nyepesi juu, kasha lisijae mpaka kifuniko kikalalamika. Nimeacha nafasi ya kiganja hapa juu. Kila baada ya wiki tatu nne nalifungua asubuhi moja yenye upepo, nageuza mikunjo. Na kila mwaka, Januari au Februari, kaskazi ikivuma kavu, natoa vyote vikapate jua kabla masika ya Aprili hayajaingia.

Naandika tarehe ya leo kwenye kikaratasi, nakichomeka kwenye bawaba, hapa. Kijana, hilo chetezo usilishike, chini bado ni la moto. Leta maji kidogo tulizime hilo kaa, halafu zima na kamera.